Bibi wa Darasa la Pili

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa na kiberiti mkononi, na sikuwahi kumbishia, maana kubisha kwenyewe kungemthibitishia. Kwa hiyo siku niliposhuka basi katika kijiji kimoja cha Urambo, mwalimu mpya mwenye barua ya ajira na begi lisilo hata mkwaruzo, kisha mwanamke mtu mzima nisiyemjua akalinyakua lile begi na kuondoka nalo, sikungoja maelezo. Nilimkimbilia huku nikipiga kelele za mwizi.

Hakuna aliyenisaidia. Watu walishika mbavu wakicheka. Kondakta, niliyekuwa nimegombana naye tangu Tabora mjini kwa sababu ya kiti, alikuwa ametangaza mlangoni kwa sauti ya mnada: "Mzaramo wenu huyo, mpokeeni!" Yule mama alisimama, akageuka, begi langu likiwa kichwani pake.

"Babu yangu alibeba meno ya tembo kutoka hapa mpaka kwenu Pwani," aliniambia. "Alipofika akaomba maji ya kunywa, mkampa ya chumvi. Leo nabeba tena mzigo wa Mzaramo. Ila ukifika kwangu, maji utachota mwenyewe."

Ndivyo nilivyompata jirani. Nyumba niliyopangiwa ilikuwa ubavuni mwa yake.

Habari za utani nilikuwa nazisikia tu. Kwetu Kisarawe wazee walisema kwamba Wanyamwezi na sisi Wazaramo tulikuwa watani tangu enzi za misafara, wapagazi walipokuwa wakikatiza nchi za watu na mizigo yao. Ili watu wapite salama na wenye nchi wasiudhike, wakapeana ruhusa ya kutukanana kwa mdomo, kuchukuliana vitu na kuzomeana hata msibani, kwa sharti moja tu: ni mwiko kukasirika. Kwa mtu kama mimi, sharti hilo lilikuwa adhabu.

Miezi ile ya kwanza niliteseka. Niliamka nikakuta kanga yangu imevaliwa na mama jirani, anafagia nayo uwanja. Kandambili zangu zilifungwa shingoni mwa mbuzi. Nikienda dukani, muuza duka alinipimia sukari huku akiwauliza wateja wengine kama wana uhakika kuwa Mzaramo anaruhusiwa kuacha ngoma kwa muda mrefu hivyo. Nilikuwa nikirudi ndani nalia kwa hasira. Halafu siku moja mama jirani alipita na ndoo ya maji kichwani bila kuishika, nikajikuta namwambia kwamba haidondoki kwa sababu mizigo ya babu zake ilichimba bonde kwenye vichwa vya ukoo mzima. Alitua ndoo. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akapita nyumba kwa nyumba kutangaza kwamba Mzaramo amejua kusema. Tangu siku hiyo nilikula michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na asali ya kijiji kile kama mtoto wa nyumbani.

Tatizo langu likabaki shuleni.

Nilipewa Darasa la Pili. Lilikuwa na watoto wengi kuliko madawati, wengine wakikaa sakafuni mbele, magoti yao karibu yaguse ubao. Watoto wazuri, wasafi, wenye heshima ya kupitiliza. Nikiingia walisimama kwa mpigo mmoja: "Shikamoo mwalimu!" Nikisema kaeni, walikaa kwa kishindo kimoja. Nikiwauliza kama wameelewa, waliitikia "Ndiyooo!" kwa sauti ya kupeperusha popo darini. Wiki ya kwanza nilijiona mwalimu hodari. Niliwapigia simu nyumbani nikawaambia kwamba watoto wa huku wanaelewa haraka ajabu.

Asubuhi moja nilikuwa nimelala vibaya, nikaandika ubaoni sentensi bila kufikiri: Mbuzi ana miguu mitatu. Nilikusudia minne. Darasa zima lilisoma nyuma yangu kwa furaha kubwa kwamba mbuzi ana miguu mitatu. Hawa ni watoto waliokuwa wamewapita mbuzi njiani asubuhi ile, wengine walikuwa wamewafungua wenyewe zizini. Nikauliza, "Ni kweli?"

"Ndiyooo!"

"Angekuwa na miguu sita?"

"Ndiyooo!"

Niliita mmoja mmoja wasome peke yao. Hapo ndipo nilipoiona hali yenyewe. Wengi hawakuwa wakisoma kabisa. Walikuwa wakisikiliza sauti yangu na kuirudisha, na wachache waliojua kusoma waliwabeba wengine mgongoni. Na yule aliyejua kwamba nimekosea hakuthubutu kunyanyua mkono, kwa sababu mwalimu ni mkubwa, na mkubwa hasahihishwi.

Nilimsimulia mama jirani jioni, tukimenya karanga uwanjani kwake. Nilitegemea anipe pole. Akaniambia, "Sasa wewe ulitaka mtoto akwambie mwalimu muongo? Hapo ungempiga."

"Nisingempiga."

"Yeye anajua hilo?" Akatupa ganda la karanga upande wangu. "Mwalimu habishiwi, mtani anabishiwa. Wewe utani unauacha mlangoni mwa darasa kama viatu vya msikitini, halafu unalalamika watoto hawasemi."

Sikulala vizuri kwa kulifikiria hilo. Kesho yake nikaingia darasani, nikapokea shikamoo yao, nikawaambia: "Mimi ni Mzaramo. Kipindi hiki cha kusoma siyo cha mwalimu, ni cha mtani. Nitasoma, na nitasema uongo, maana mnajua Wazaramo tulivyo. Atakayenikamata aje ubaoni peke yake, anionyeshe kwa kidole neno nililolikosea, alisome lilivyoandikwa. Akiweza, nampa kiti changu akae mpaka mwingine anikamate."

Watoto walitazamana. Nikasoma sentensi ya kwanza na kuharibu neno moja waziwazi. Kimya. Nikasoma ya pili, palipoandikwa baba nikasema mama. Kutoka sakafuni kikatoka kisauti kimoja, kidogo kama cha kifaranga: "Muongo." Mwenyewe akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Nani kasema?" nikauliza.

Akajitokeza msichana wa mstari wa mbele. Akaweka kidole kwenye neno, akalisoma. Nikamkalisha kwenye kiti changu, miguu yake haikufika chini, darasa likalipuka kwa makofi.

Baada ya hapo sikuwa na amani, nashukuru Mungu. Kila mtoto alitaka kunikamata. Ili unikamate lazima ufuate kwa macho kila neno ninalosoma, na ili uthibitishe lazima ulisome peke yako mbele ya wenzako wasiokuonea huruma. Waliokuwa wakirudisha sauti waligundua kwamba sauti yangu haiaminiki tena. Wakaanza kutazama maandishi. Mwalimu wa darasa la jirani alikuja kulalamika kwamba kwangu kunapigwa kelele za "muongo, muongo" kama kwenye mkutano wa siasa. Mwalimu mkuu, mtu mpole asiyependa kuamua jambo kabla ya chai, alisimama mlangoni akatazama, akaondoka. Niliona anatabasamu.

Ila palikuwa na msichana mmoja dirishani.

Alikuwa mrefu kuliko wote, maana alikuwa amerudia Darasa la Kwanza, na hili la Pili alikuwa analirudia pia. Hakuwahi kunikamata. Hakuwahi hata kusema muongo pamoja na wenzake. Nilidhani ni mzito wa kuelewa, kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa nilipokabidhiwa darasa. Siku moja nilimsogelea nikamhimiza mbele ya wote: "Na wewe, nikamate basi!" Aliinamisha kichwa. Mwenzake wa dawati moja akanieleza kwa upole, kama mtu anayemfafanulia mgeni sheria za nchi:

"Huyu haruhusiwi, mwalimu. Siyo mtani wako. Kwao ni Warundi."

Hapakuwa na ubaya katika sauti yake. Wenzake wachache wenye asili hiyohiyo walikuwa wamejichomeka kwenye kelele bila kuuliza mtu, lakini huyu alikuwa mtoto wa sheria. Babu zake hawakubeba mizigo kwenda Pwani. Walikuja kutoka Burundi baadaye sana, wakapokelewa kwenye makazi ya wakimbizi kule Ulyankulu, wakalima, wakazaa. Kwenye utani wetu wa misafara hakuwemo. Nilikuwa nimefungua mlango kwa darasa zima na kumfungia yeye nje, na niliumia kweli nilipolitambua hilo.

Mwalimu mkuu alipoitazama orodha ya darasa alinieleza jambo lingine. Mwisho wa mwaka watoto wa Darasa la Pili hupimwa kusoma, mmoja mmoja, na mwalimu mgeni kutoka shule nyingine. "Huyu akinyamaza mbele ya mgeni," alisema, "atarudia tena. Na mdogo wake yuko Darasa la Kwanza. Mwakani watakaa dawati moja." Akakoroga chai yake. "Mama yake alishaniambia. Hilo likitokea, binti hatakubali kuja. Na yeye hatamlazimisha."

Nikaenda kwao Jumamosi. Nilimkuta mama mtu bandani, amezungukwa na majani makavu ya tumbaku, anayapanga kwa ubora wake, rangi na rangi. Rozari ilikuwa shingoni. Alinipa kigoda, nikamweleza shida yangu yote, utani, kiti, na binti yake dirishani. Binti mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya mlango, nilikuwa naona vidole vyake vya miguu.

Mama mtu hakupendezwa. "Mwanangu akwambie wewe mwalimu kwamba ni muongo? Hapana. Sisi tulipokelewa hapa, mwalimu. Aliyepokelewa hatanii."

"Hata kidogo?"

"Kwetu mtoto anamtania bibi yake tu. Bibi hakasiriki, ni rafiki yake. Na wake alifariki, hakumkuta."

Nilishasema hasira zangu ziko karibu. Na mengine ya kwangu nayo yako karibu, hayapiti kwanza kichwani. Nikasema, "Basi bibi yake ni mimi."

Mama aliacha jani lililokuwa mkononi. Alinitazama kutoka juu mpaka chini: nywele zangu za kusuka nilizozifuata mpaka saluni ya Kanyenye, Tabora mjini, sketi yangu ya kubana, kucha nilizopaka rangi. Nilikuwa sijatimiza hata miaka ishirini na saba na sina mtoto. Akaanza kucheka taratibu, kisha kwa nguvu, mpaka akafuta machozi kwa upindo wa kitenge na fungu la tumbaku likamporomoka. Nikadhani mzaha umeishia hapo. Lakini alipomaliza kucheka aliniuliza kwa sauti nyingine kabisa kama najua bibi ana kazi gani. Nikasema sijui. Akasema bibi hukaa, hupewa chakula wa kwanza, na mjukuu huja kwake bila kuitwa. Akamwita binti yake, wakasemezana Kirundi. Sikuelewa hata neno, ila niliona macho ya yule mtoto yakinipanda na kunishuka. Kisha nikapakuliwa maharage na ugali, wa kwanza, kabla ya mwenye nyumba.

Bila shaka kijiji kilijua kabla sijafika nyumbani. Mama jirani alinipokea kwa fimbo ya kutembelea. "Shikamoo, bibi," alisema, yeye mwenye wajukuu wa kidato cha nne. Kwa wiki nzima alinisaidia kuvuka barabara.

Binti alianza kuja kwangu Jumamosi, kama nilivyoahidiwa, bila kuitwa. Mwanzoni alikaa tu. Halafu akaanza kuuliza. "Bibi, mvi zako umezificha wapi?" "Bibi, ni kweli meno hayo ni yako?" Nilimjibu kwamba mvi nimeziweka kabatini, nazivaa sikukuu. Tulipika pamoja. Aliniambia chapati zangu zinafaa kuezekea paa. Alikuwa mchokozi hasa, na nilimpenda.

Lakini kitabu kikifunguliwa, mdomo ulifungwa. Nilisoma nikikosea makusudi, nikamngoja. Hakunisahihisha. Darasani ilikuwa vilevile: alikuwa dirishani, kimya, na wenzake wanapokezana kiti changu. Nilianza kukata tamaa. Kisha Jumamosi moja nilikuwa nasoma kivivu huku nakuna nazi, nikabadilisha maneno hapa na pale, nikasikia anacheka kwa kuziba mdomo. Nikaendelea kusoma sawasawa. Kimya. Nikakosea. Kicheko. Nikarudia mara kadhaa kuhakikisha. Alikuwa anacheka mahali penye kosa, na si kwingine kokote.

Alikuwa anajua kusoma. Sijui alikuwa amejua tangu lini. Nilitamani kuruka, nilitamani kumkumbatia, lakini nilikuna nazi kana kwamba sijaona kitu, maana nilijua pia upande wa pili wa jambo hilo: mgeni wa mwisho wa mwaka hatapima kicheko. Atapima sauti.

Mgeni alikuja na pikipiki, mwalimu wa mjini, viatu vimechongoka mbele, tai, miwani ambayo alikuwa akiipandisha kila mara. Watoto waliingia kwake chumba cha walimu mmoja mmoja. Mwalimu wa darasa haruhusiwi kuwamo, na ni haki. Nilichukua ndoo nikaenda kumwagilia maua yaliyoko chini ya dirisha lile. Yalikuwa yamekwisha kumwagiliwa asubuhi. Niliyamwagilia tena, na tena, mpaka yakawa yanaelea.

Zamu ya mjukuu wangu ilipofika nilisikia akiamkia, kisha kiti kikiburutwa. Mgeni alimwambia asiogope. Alimwambia kwanza yeye mwenyewe atasoma sentensi ya mfano, amtazame anavyofanya, kisha afuate. Alikuwa amechoka, alikuwa amesoma sentensi ileile tangu asubuhi, na nadhani hakuwa akiitazama tena. Akasoma: "Baba analima shamba."

Nikasikia kicheko, kile cha kuziba mdomo.

"Unacheka nini?" Sauti ya mgeni ilikuwa kali. Niliweka ndoo chini. Nilifumba macho nikamwomba Mungu, Yesu na Mtume wote kwa pamoja, kila mmoja kwa lugha aliyonijia nayo.

"Babu," sauti nyembamba ikasema, "umekosea."

"Nani?"

"Wewe, babu. Hapa wameandika *analinda*. Baba analinda shamba."

Nilinyanyua kichwa mpaka macho yakafika dirishani. Mgeni alikuwa amevua miwani na ameinamia karatasi, pua karibu iiguse. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, nywele zake nyeusi tii. Alimtazama yule mtoto, akaitazama karatasi, akamtazama tena. Kisha akaisogeza karatasi upande wa mtoto.

"Haya, mjukuu wangu," alisema. "Nisomee wewe."

Akasoma. Hakusoma haraka, na neno moja refu alilirudia mara mbili, lakini alisoma peke yake, kwa sauti, kutoka juu mpaka chini, na kila nukta alipumzika kama nilivyowafundisha. Mimi nilikuwa nalia waziwazi mbele ya maua.

Alipotoka alinikuta pale, uso umelowa. Hakuuliza kwa nini. Alikuwa na jambo lake, na lilimsumbua. Alitazama nyuma mlangoni, akanisogelea ili mgeni asisikie.

"Bibi, yule babu hajui kusoma vizuri," alinong'ona. "Watamrudisha darasa?"

Nikamwambia hapana, hawatamrudisha.

"Afadhali," akasema, akakimbia kumtafuta mdogo wake.